Kwa Nini Nyayo Zetu Hutuuma?

Tuseme kwamba mchungaji mmoja wa Biliqo, katika Isiolo, aamka alfajiri ili awapeleke ng'ombe majini. Akanyagapo hatua ya kwanza, kisigino chamwuma kana kwamba amechomwa na mwiba. Autafuta mwiba, haupo. Akiisha kutembea kidogo maumivu hupungua, lakini jioni hurudi. Jambo hili si dogo, kwani katika nchi ile mali ya mtu ina miguu minne, naye mwenye mali hana budi kuifuata kwa miguu yake miwili.

Wataalamu wa maumbile wasema kwamba huenda sehemu ya taabu hiyo ni ya zamani sana. Mtazame tumbili juu ya mgunga: mguu wake hushika tawi kama mkono. Hatusemi kwamba mtu alizaliwa na tumbili huyo, wala na sokwe wa leo. Lisemwalo ni kwamba sisi na sokwe tuna wahenga wamoja, walioishi mamilioni ya miaka iliyopita, nao walikuwa wapandaji wa miti. Mguu wa kushikia tawi wahitaji mifupa mingi iliyo myepesi kugeuka. Sisi twatembea wima, lakini mifupa ile hatukuiacha: kila mguu, kutoka kifundo hata vidole, una mifupa 26. Maumbile hayakujenga mguu mpya; yaliutengeneza ule wa kale kidogo kidogo, kama mtu afungaye nyumba yake kwa kamba badala ya kuibomoa.

Ushahidi wa mageuzi hayo uko kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1978 Bibi Mary Leakey na wenzake walikuta huko Laetoli, Tanzania, nyayo zilizokanyagwa katika majivu ya volkano yapata miaka 3,600,000 iliyopita, na kidole gumba hakikukaa kando kama cha sokwe. Na huko Ileret, mashariki ya Ziwa Turkana, kaskazini ya Isiolo, ziko nyayo za miaka yapata 1,500,000, ambazo habari zake zilitangazwa mwaka 2009. Hizo zafanana sana na zetu.

Kamba za nyumba yetu ni kano. Ukano mmoja mpana watoka kisiginoni hata penye vidole, nao hulishika tao la unyayo lisilale chini. Kila hatua huuvuta. Ukivutwa kupita kiasi huumia pale ushikapo kisigino, na wakati wa usiku hukazana. Ndiyo sababu hatua ya kwanza ya asubuhi ni kali kuliko nyingine. Uzito ambao mnyama huugawa kwa miguu minne, sisi twautia juu ya miwili, na mara nyingi mmoja tu.

Lakini si haki kuwatupia wahenga lawama zote. Kiatu chembamba mbele husukuma kidole gumba juu ya wenzake, na kinundu chenye maumivu huweza kutokea ubavuni. Mwaka 2019 wataalamu walitoa habari za watu wa Kenya waliozoea kwenda pekupeku: sugu zao zilikuwa nene, lakini unyayo haukupungukiwa na uwezo wa kuhisi ardhi. Wako wanaodai kwamba wote waendao pekupeku hukimbia kwa kutanguliza sehemu ya mbele ya mguu; walipopimwa Wadaasanach wa Ileret, kama ilivyoandikwa mwaka 2013, wengi wao walitanguliza kisigino wakikimbia kwa mwendo wa kawaida. Basi tusiwe wepesi kutunga sheria moja kwa watu wote.

Wala hatumshauri mtu avue viatu penye miiba, nge na hatari ya pepopunda. Akala iliyo pana, yenye nafasi ya vidole, yafaa. Mwenye kisigino kiumacho na avute vidole vyake nyuma kwa mkono kabla hajashuka kitandani, ahesabu polepole hata kumi, arudie mara kadhaa, na kwa majuma machache apunguze safari ndefu ikiwa yuko kijana wa kumsaidia. Lakini mguu uliokufa ganzi, au wenye kidonda kisichopona, hasa kwa mwenye ugonjwa wa kisukari, huo usingojeshwe nyumbani. Upelekwe kwa mganga wa hospitali upesi.