Yaliyomo Yajipange Yenyewe

Wanachuo wenzangu, msimu wa ripoti za utafiti umefika na foleni steshenari imeanza. Wengi tunalipia hata ukurasa wa yaliyomo. Msimamizi akisema ongeza aya sura ya pili, namba za kurasa zinahama, unalipa tena.

Word inaifanya kazi hiyo bure. Bofya kwenye kichwa cha sura, kisha bonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja. Kwa kichwa kidogo, badala ya 1 weka 2. Ukimaliza vyote, nenda ukurasa wa yaliyomo, fungua References, chagua Table of Contents. Ukibadilisha chochote baadaye, bofya orodha hiyo, bonyeza F9, chagua Update entire table.

Ukishajua, mfundishe rumeti wako. Ila kipanya ashike yeye. Mimi nasoma ualimu, na nikiwaelekeza wenzangu naliona hili: anayetazama tu anasema "nimeelewa", kesho anauliza tena. Mwache akosee, ajirekebishe, sura inayofuata aifanye peke yake.

Mwakani tutatunga mitihani wenyewe, na wengine tutapangiwa shule ambako kuifikia steshenari ni nauli ya bodaboda. Tujifunze sasa.