Eli Alisema, Lakini Hakuzuia

Somo: 1 Samweli 2:12–25 na 3:11–14



Mwaka jana mama mmoja wa kanisa hili aliniletea kipakiti cha kuber. Alikuwa anafua nguo Jumamosi akakipata kwa mfuko wa suruali ya shule. Mtoto alikuwa Gredi ya 8. Nikamwambia, "Mama, tuombe." Tukaomba. Halafu nikaongea na kijana dakika kumi hivi, pale nje ya kanisa. Akasema ni ya rafiki yake. Nikamwamini, kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi kuliko kufuatilia. Sikuenda shuleni kwao. Sikuuliza kilinunuliwa wapi. Muhula uliofuata alirudishwa nyumbani kwa sababu ya bangi. Mama yake hajawahi kunilaumu, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari ya Eli kwa uchungu.

Eli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kuhani, mzee aliyemlea Samweli vizuri. Habari za wanawe alizipata kwa watu wote. Aliwaita akawakemea, na maneno aliyowaambia yalikuwa ya kweli. Lakini ukifika sura ya 3, shtaka la Mungu si kwamba Eli hakujua, wala kwamba alinyamaza. Ni kwamba alijua na hakuwazuia. Yeye ndiye alikuwa na mamlaka pale Shilo. Angeweza kuwatoa kwa ile kazi. Aliwakemea, kisha akawaachia uma wa nyama mikononi.

Wapendwa, kukemea tunajua. Kila mzazi amekemea, kila mwalimu amekemea gwarideni, nami nimekemea hapa madhabahuni. Swali la leo ni: tumezuia nini?

1. Zuia mapema. Utafiti wa NACADA katika shule za msingi wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 5 alikuwa ameshatumia kileo au dawa ya kulevya angalau mara moja. Utafiti wao wa 2022 ulitaja watu walioanza tumbaku wakiwa na miaka 6, na pombe wakiwa na miaka 7. Kwa hivyo mzazi anayengoja mtoto afike sekondari ndipo waongee, amechelewa.

2. Zuia pale hakuna mwenyewe. Nilisomea biashara, na kuna kitu kimoja nilifunzwa ambacho hakijanitoka: mali ikipotea, angalia pale mtu mmoja amemwachia mwingine na hakuna aliyesaini. Mwalimu anafunga darasa saa kumi. Mzazi yuko kwa ng'ombe, sokoni au kwa majani chai mpaka giza liingie. Mwalimu anasema, "Ameenda nyumbani." Mzazi anasema, "Yuko shule." Hayo masaa mawili hayana mwenyewe, na muuzaji anayajua kuliko sisi. Yeye hakosi kazini.

Pia kuna likizo ya Novemba na Desemba, wakati vijana wetu wanaingia menjo. Akina baba, niwaulize kwa heshima: motiriot wa mwanao ni nani? Nani anaingia huko usiku, na amebeba nini? Tohara ni heshima yetu, lakini kijana anaweza kutoka huko akiwa amefunzwa kuvuta bangi. Usiwaachie vijana wakubwa kazi ambayo ni ya wazee.

3. Zuia mlango. Sheria ya vileo ya 2010 inakataza baa kupewa leseni ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Kumuuzia pombe mtu chini ya miaka 18 ni kosa. Kamati ya wazazi inaweza kupima hizo mita na kupeleka barua kwa chifu.

Lakini tuanze nyumbani. Nani humtuma mtoto sigara dukani? Na hili nalisema polepole: najua ziko nyumba karo imetoka kwa pipa la chang'aa, na mtoto wa hapo ndiye anaonja kwanza. Sitamfukuza huyo mama. Lakini tukimwambia aache na hatumsaidii kuanza kazi nyingine, tumefanya kama Eli tu.

4. Usimtupe aliyeingia. Shule ina haki ya kuadhibu. Lakini mtoto akikaa nyumbani wiki tatu bila kazi wala mtu, tumempa muuzaji siku nzima badala ya masaa mawili. Mzazi na mwalimu wakae chini pamoja, wapange nani yuko naye lini. Simu ya NACADA ni 1192, bila malipo. Hospitali ya Longisa iko hapa kwetu, na kumwona daktari si kukosa imani.

Kuna atakayesema haiwezekani. Huko Iceland, mwaka 1998, vijana 42 kati ya 100 wa miaka 15 na 16 walisema walilewa mwezi uliopita. Kufikia 2016 walikuwa 5. Wazazi waliwekeana mapatano ya saa ya watoto kurudi nyumbani, wakatembea mitaani jioni za wikendi, na watoto wakapewa michezo na muziki baada ya shule. Walisimamia masaa. Sisi tuna uwanja, tuna kwaya, tuna ukumbi huu ambao Jumatatu hadi Ijumaa unafungwa kwa kufuli.

Kazi ya wiki hii

- Andika saa ambazo mtoto wako hayuko mbele ya mtu mzima. Karibu na kila saa andika jina la mtu.
- Chukua namba ya mwalimu wa darasa, umpigie kabla hajakupigia.
- Nimeomba wazee tufungue ukumbi saa kumi hadi saa kumi na mbili. Mimi nitashika Jumanne na Alhamisi. Siku tatu zinahitaji watu.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Eli angefanya nini zaidi ya kusema?
2. Ni jambo gani umesikia kuhusu mtoto, wako au wa jirani, ukalinyamazia?

Ombi: Bwana, utusamehe pale tuliposikia tukaishia kusema. Utupe ujasiri wa kuzuia, na upendo wa kumrudisha aliyepotea. Katika jina la Yesu. Amina.