Kuwapeleka Watoto Msituni: Somo kwa Wazazi na Walimu

Soma kwanza: Ayubu 12:7–10, Mwanzo 2:15

Katika somo hili tutazame jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa matembezi tu, yaani kuwapeleka watoto wa shule ya msingi nje, wakajifunze viumbe vya Mungu mahali vinapoishi. Ayubu aliwaambia rafiki zake wawaulize wanyama, ndege na ardhi, nao watafundishwa. Aliye mbali huwezi kumwuliza. Hauna budi kumwendea.

Sisi tukaao chini ya milima ya Usambara Mashariki tumepewa darasa kubwa karibu na nyumba zetu. Msitu wa Amani ulifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997. Humo hutoka vijito viingiavyo Mto Zigi, na maji ya Zigi hukusanywa katika bwawa la Mabayani, yakanywewe na watu wa Tanga. Basi mtoto wa mjini afunguapo bomba, anakunywa maji yaliyopita chini ya miti ile. Tena tukumbuke kwamba tangu mwaka 1990 Kanisa letu la Anglikana ulimwenguni limehesabu utunzaji wa viumbe kuwa sehemu ya utume wake.

Tulivyofanya

Mara ya kwanza tulipowapeleka watoto wa Shule ya Jumapili tulisema mno. Tulihubiri nusu saa chini ya mti, watoto wakapiga miayo. Mara ya pili tulipunguza maneno, tukawapa kazi tatu.

1. Kuhesabu. Kila kundi lilipewa kamba ya mita 4, likafanya mraba wa mita 1 kila upande, likaandika kila kilicho hai ndani yake. Waliokuwa chini ya miti walikuta majongoo, konokono, uyoga na miche michanga, hata karatasi ikajaa. Waliokuwa kando ya barabara walikuta sisimizi na nyasi chache.

2. Kumwaga maji. Walimwaga kikombe kimoja juu ya majani yaliyoanguka, na kingine juu ya ardhi tupu iliyokanyagwa. Palipo na majani maji yalizama. Palipo tupu yalitiririka, yakachukua udongo. Hapo ndipo walipofahamu kazi ya msitu: majani huvunja nguvu ya mvua, mizizi na wadudu hufungua udongo, maji huingia ardhini na kutoka polepole katika chemchemi hata wakati wa kiangazi.

3. Kunyamaza. Walikaa kimya dakika 10 wakisikiliza. Hondohondo wakapita, na mwongozaji akaeleza kwamba jike hujifungia ndani ya tundu la mti, akaacha ufa mdogo tu, na dume humlisha kwa ufa huo. Tena hula matunda na kuangusha mbegu mbali. Mtoto mmoja akasema, "Kumbe naye ni mpanzi!"

Swali lililotushinda

Tuliporudi tulipita penye tanuri letu la matofali. Binti wa darasa la nne akauliza, "Mwalimu, kuni za kuchomea matofali ya kanisa zilitoka wapi?"

Tulitazamana. Zilitoka kwenye miti ya kando ya kijito kilicho chini ya kanisa, nasi wenyewe ndio tulioikata. Tangu hapo kijito hicho huwa chekundu kwa udongo wakati wa masika, na kiangazi hukauka mapema. Tungeweza kumwambia mtoto asiulize mambo ya wakubwa. Lakini tulikuwa tumemfundisha kuuliza tangu asubuhi. Tulimwambia kweli, na baadaye tukalipeleka neno lake mbele ya halmashauri ya parishi.

Iliamuliwa kwamba matofali yaliyobaki yafyatuliwe kwa udongo na saruji bila kuchomwa, na kwamba ukingo wa kijito usilimwe tena. Watoto wamepanda miche huko nao huimwagilia kwa zamu. Mingine imekufa, nao wamepanda tena. Kijito bado hakijapona, kwa maana mti hukatwa kwa saa moja na hukua kwa miaka mingi.

Kwa watakaokwenda

Ombeni ruhusa kwa wazazi na kwa wasimamizi wa hifadhi mapema, na mfuatane na mwongozaji. Mtu mzima mmoja asiangalie watoto zaidi ya 10. Kila mtoto avae viatu vya kufunika mguu, achukue maji ya kunywa, wala asitie mkono katika shimo. Wasichume kitu, takataka zote zirudi nyumbani. Na baada ya safari wapeni kazi ya kuendelea nayo, ili yale waliyoyaona yasiishie njiani.

Maswali ya kujadiliana

1. Maji tunayokunywa nyumbani hutoka wapi, na njiani hupita mashamba ya nani?
2. Je, parishi yetu imeharibu nini katika kujenga kwake?
3. Mtoto akituuliza swali linalotuhukumu, tumjibuje?

Tusali

Ee Mungu, uliyeiweka dunia mikononi mwetu tuilime na kuitunza, utusamehe tulivyoiharibu. Uwape watoto wetu macho ya kuona, nasi utupe moyo wa kuwasikiliza; kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.