Moyo wa Mama: Tusome Namba za Presha

Katika nyumba nyingi hapa Mugoma kuna kadi iliyofichwa. Labda iko chini ya godoro. Labda iko katika sanduku la nguo pamoja na cheti cha ubatizo. Ni kadi ya kliniki ya wajawazito. Mama akishajifungua, na mtoto akishaanza kutembea, kadi ile inaonekana haina kazi tena. Inawekwa tu mpaka panya waile.

Leo tunaomba kadi hiyo itolewe. Ifute vumbi, kisha uisome. Ndani yake kuna habari za moyo wako, na sisi tuliomaliza kisomo tunaweza kuzisoma wenyewe bila kumngoja mtoto atoke shule.

Tafuta palipoandikwa shinikizo la damu, au herufi mbili tu, BP. Hapo utaona namba mbili zilizotengwa kwa mstari wa mshazari, kwa mfano 120/80. Hiyo ndiyo presha. Watu wengi wanaijua kwa jina, lakini hawajui namba zile zinasema nini.

Moyo ni kama pampu. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Kila dakika unapiga mara 70 hivi, na kwa siku nzima, mchana na usiku, unapiga mara 100,000 hivi. Kila unapopiga, unasukuma damu katika mishipa. Namba ya kwanza ni nguvu ya damu ndani ya mishipa wakati moyo unasukuma. Namba ya pili ni nguvu inayobaki wakati moyo unapumzika kidogo kabla ya kusukuma tena. Kwa mtu mzima, namba iliyo chini ya 120/80 ni nzuri. Ikifika 140/90 au zaidi, hiyo ni presha kubwa. Hata kama ni namba moja tu kati ya mbili iliyofika huko, bado inahesabiwa. Kati ya hapo, yaani kama 130/85, usiogope, lakini rudi upimwe tena.

Sasa tuseme jambo ambalo linawachanganya watu. Presha kubwa haiumi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka kumi, analima, anabeba ndoo ya maji, anacheza ngoma harusini, na hasikii kitu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha kubwa duniani hawajui kama wanayo. Wakati huo wote moyo unasukuma kwa shida. Ni kama mtu anayejaza upepo katika tairi lililokwisha jaa. Misuli ya moyo inanenepa, halafu inachoka. Mishipa ya ubongo inaweza kupasuka au kuziba, ndipo mtu anapooza upande mmoja. Figo nazo zinaharibika.

Wengine husema, "Hiyo ni maradhi ya watu wa mjini, wanene, wenye magari. Mwanamke anayepanda vilima vya Ngara na mzigo wa kuni kichwani atapataje presha?" Kazi ya mwili inausaidia moyo kweli, hatukatai. Lakini presha inampata hata mwanamke mwembamba anayelima kila siku. Na duniani kote, karibu mwanamke mmoja katika kila watatu wanaokufa anauawa na magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Wengi tunadhani ni ugonjwa wa wanaume tu. Mwanaume akishika kifua watu wanakimbia kutafuta pikipiki. Mwanamke akisema amechoka, anaambiwa apumzike kidogo halafu apike.

Hapo ndipo tunataka tukae kidogo, kwa maana neno hilo "nimechoka" limeua kina mama wengi.

Tuchukue mfano wa mama aliyejifungua mwezi mmoja uliopita. Anatembea kutoka nyumbani hadi kisimani, anasimama njiani mara tatu kuvuta pumzi. Usiku hawezi kulala chali. Anaomba mito miwili, halafu mitatu, mwishowe analala amekaa. Anaamka ghafla katikati ya usiku, anakwenda mlangoni kutafuta hewa. Anakohoa. Miguu imevimba, ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mama mkwe anasema ni baridi ya uzazi. Jirani anasema amerogwa na mke mwenzake. Mume anadhani ni malaria, ananunua dawa dukani.

Huenda ni moyo. Kuna ugonjwa ambao moyo wa mama unalegea, unashindwa kusukuma damu vizuri, na maji yanajaa katika mapafu na miguu. Unaanza mwezi wa mwisho wa mimba, au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua. Unawapata hata wasichana ambao hawajawahi kuugua moyo. Ukitambuliwa mapema, dawa zipo, na akina mama wengi wanapata nafuu, wengine moyo unarudi kama zamani. Ukichelewa, unaua. Mama huyo asipelekwe kwa mganga wa kupiga ramli kwanza. Apelekwe zahanati siku ileile, na kutoka hapo hospitali, kama ile ya Murgwanza. Akipona, yeye na mumewe wakae na daktari kabla ya kufikiria mimba nyingine, kwa sababu ugonjwa unaweza kurudi kwa ukali zaidi. Tumesema yeye na mumewe. Baba akibaki nje chini ya mti, atarudi nyumbani bila kujua kilichosemwa.

Turudi kwenye kadi. Mama mwenye mimba ya miezi mitano na kuendelea, namba zake zikifika 140/90, lazima aangaliwe kwa karibu. Zikifika 160/110, hiyo ni hatari ya leo, siyo ya kesho. Vilevile kama anaumwa sana kichwa, macho yanaona ukungu, anaumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, au uso na mikono vimevimba. Kifafa cha mimba kinatokea hapo. Watu wengine wanakiita pepo, wanamfukizia mama moshi huku wakati unapita.

Na hili wengi hatukuambiwa: mama aliyepata presha wakati wa mimba, hata kama ilishuka baada ya kujifungua, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua moyo miaka ya mbele, karibu mara mbili ya mwenzake. Kwa hiyo kadi ile ya zamani ina kazi bado. Ukiona 150/100 ya mimba ya miaka kumi iliyopita, nenda nayo kwa mganga, umwonyeshe, upimwe leo. Tunawapima wanawake wakiwa na mimba, halafu tunawaacha kabisa kana kwamba moyo wao ulikuwa wa mtoto peke yake. Bibi mwenye miaka 55 ndiye anayehitaji kupimwa zaidi, maana baada ya hedhi kukoma presha ya wanawake hupanda. Lakini yeye haendi kliniki, hana mimba.

Kuna na jambo la watoto. Mtoto wa miaka 5 mpaka 15 akiumwa koo mara kwa mara na hatibiwi, anaweza baadaye kupata homa na maumivu ya viungo yanayohama, leo goti, kesho kiwiko. Homa hiyo ikirudi-rudi inaharibu vali, yaani milango midogo ya moyo. Msichana anakua na mlango mbovu bila kujua. Anaolewa, anashika mimba, damu mwilini inaongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida, na moyo unashindwa kubeba. Kumbe chanzo kilikuwa koo. Mtoto aliyekwisha ugua homa hiyo huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Asiache kwa kuwa anaonekana mzima.

Mlango ukiharibika sana, inahitajika operesheni. Zamani Watanzania walipelekwa India. Mwaka 2015 ilianzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, na wengi hutibiwa huko. Lakini kutoka kwetu ni zaidi ya kilomita 1,000. Ni bora kutibu koo.

Juu ya chakula tutasema machache. Mtu mzima anatosheka na chumvi isiyozidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ukihesabu ya mboga, ya maharage na ya samaki wakavu. Samaki wa chumvi walowekwe, maji yamwagwe. Usiongeze chumvi mbichi mezani. Ndizi za kupika, maharage na mboga za majani ni chakula kizuri cha moyo, nasi tunavyo shambani. Hakuna haja ya kununua cha kopo. Pombe nyingi inapandisha presha, hata ile ya ndizi tuliyoitengeneza wenyewe. Kiko na ugoro wa bibi zetu navyo vina tumbaku. Na moshi wa jiko unaumiza mishipa pamoja na mapafu, kwa hiyo kuni zikauke na jiko liwe na tundu la kutolea moshi.

Aliyepewa dawa ya presha aendelee nayo. Tunasikia mtu anasema, "Nilipimwa, imeshuka, nikaacha." Imeshuka kwa sababu ya dawa! Anayeshika mimba aseme mapema kliniki, kwani baadhi ya dawa hizo hubadilishwa.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, mkoa ulipokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, mmoja akasoma kitabu kwa sauti, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Watu wapatao milioni 2 nchini walishiriki. Walijifunza malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Moyo haukuwa somo. Njia ile bado ni nzuri. Vikundi vya kuweka na kukopa vinakutana kila wiki. Vinaweza kumwita mhudumu wa afya aje na kipimo kabla ya kuhesabu fedha.

Anayepimwa akae kwanza dakika tano, asiwe ametoka kupanda kilima mbio. Akajisaidie haja ndogo kwanza. Mkono ulale juu ya meza, usawa wa moyo, na asiongee. Namba ikiwa kubwa, apimwe tena siku nyingine kabla ya kuambiwa ana presha, isipokuwa ikiwa kubwa mno au anaumwa. Na namba iandikwe. Mwenyewe aisome kwa sauti.

Zoezi la kikundi: andikeni ubaoni, au chini kwa kijiti, namba hizi. Bibi wa miaka 60, 136/94. Mama wa mimba ya miezi saba anayeumwa kichwa, 164/112. Msichana wa miaka 20, 112/70. Nani aende hospitali sasa hivi, nani arudi kupimwa, nani aende nyumbani?

Majibu: mwenye mimba aondoke sasa hivi, na kikundi kitafute usafiri. Msichana aende nyumbani. Bibi arudi kupimwa. Wengi watakosea hapo kwa kuangalia 136 peke yake, lakini 94 imepita 90.