Kulinganisha Sauti za Spika

Mwaka 1973 wananchi wengi wa Tanzania walijifunza mambo ya afya kwa redio, katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Walikaa katika vikundi, wakaizunguka redio, wakasikiliza. Ilipasa kila neno lisikike sawasawa. Je, redio ya nyumbani kwenu husikika waziwazi?

Ndani ya redio mna spika. Karatasi ya spika hutetemeka na kutoa sauti. Ikitetemeka upesi, sauti huwa nyembamba. Ikitetemeka polepole, sauti huwa nzito. Spika kubwa hutoa vizuri sauti nzito, kama za ngoma. Spika ndogo iitwayo twita ni nyepesi, kwa hiyo hutetemeka upesi na kutoa vizuri sauti nyembamba. Herufi s na f hutamkwa kwa sauti nyembamba. Zisiposikika vema, "sisi" huweza kudhaniwa kuwa "fisi"!

JARIBIO

Vifaa: Redio mbili za betri, kitambaa, penseli na karatasi.

Fanya hivi:

1. Fanya jaribio ndani ya nyumba. Katika sehemu nyingi za Mkoa wa Singida upepo huvuma kwa nguvu, na mvumo wake huweza kuficha sauti za redio.

2. Fungulia redio zote mbili stesheni moja yenye mazungumzo. Rekebisha mpaka sauti zilingane kwa ukubwa. Tia alama kwenye vifungo vya sauti, kisha zima redio.

3. Mfunge mwenzako kitambaa machoni. Akae mita 2 kutoka kwenye redio.

4. Fungua redio moja kwa dakika moja, kisha ya pili. Usimwambie ni ipi. Kila asiposikia neno vema, anyoshe mkono, nawe uandike.

5. Rudia mara tano, ukibadilisha zamu za redio.

Sikio hudanganyika: redio yenye sauti kubwa zaidi hudhaniwa kuwa bora. Ndiyo sababu tulisawazisha ukubwa wa sauti, umbali na stesheni. Kilichobaki tofauti ni redio zenyewe.

Hadhari: Usifungue kamwe redio iliyounganishwa na umeme.

MASWALI

1. Redio ipi ilisikika vema zaidi? Ulijuaje?

2. Kwa nini msikilizaji alifungwa macho?

3. Kadiri mtu anavyozeeka, masikio yake hupungukiwa na uwezo wa kusikia sauti nyembamba. Rudia jaribio pamoja na babu au bibi. Je, ungemchagulia redio ipi, naye akae wapi ili asikie habari?