Mzio wa chakula kwa watoto wachanga: hutambuliwaje?

Mara nyingi mama huleta mtoto wa miezi miwili, mnene na mchangamfu, lakini choo chake kina ute na michirizi ya damu. Ameshapewa dawa ya amiba, ameshapewa dawa ya chango, na jirani amemwambia mama kuwa maziwa yake yameharibika. Sasa anataka kumwachisha. Asifanye hivyo!

Choo chenye damu kianzie hospitali, kwani huenda ni kuhara damu au utumbo umeingiana. Hayo yakishaondolewa, ndipo tunafikiria mzio, yaani mwili kukikataa chakula kana kwamba ni adui. Kwa wachanga, kinachoongoza ni maziwa ya ng'ombe, ambayo humfikia mtoto hata kupitia maziwa ya mama aliyeyanywa.

Wazazi wengi huomba kipimo cha damu. Lakini mzio wa tumboni mara nyingi hauonekani katika damu wala kwa kipimo cha ngozi. Hutambuliwa kwa hatua tatu, mkishauriana na tabibu:

1. Andika. Mtoto alikula nini, mama alikula nini, na dalili zilianza baada ya muda gani.

2. Ondoa. Mama anayenyonyesha aache maziwa ya ng'ombe, mtindi na vyote vilivyotiwa maziwa kwa wiki 2 hadi 4. Anayetumia maziwa ya kopo atafutiwe maziwa maalumu kwa ushauri wa daktari. Maziwa ya mbuzi si badala, kwani yanafanana mno na ya ng'ombe.

3. Rudisha. Dalili zikitoweka, kisha zikarudi mama anapokunywa tena maziwa, mzio umethibitika. Zisipobadilika, mama aendelee na chakula chake na sababu nyingine itafutwe.

Tahadhari: mtoto anayetapika mfululizo saa 1 hadi 4 baada ya kula chakula fulani, akapauka na kulegea, awahishwe hospitali. Huyo asirudishiwe chakula hicho nyumbani kwa majaribio.

Watoto wengi wenye mzio wa maziwa hupona kabla ya kuanza shule. Qur'ani imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha (Al-Baqara: 233), na mzio huu si sababu ya kuikatisha. Mama aache maziwa ya ng'ombe. Mtoto asinyimwe ziwa la mama yake.

Na Allah ndiye Mponyaji.