SOMO: MAWE YA KILWA NA WATU WASIOTAJWA



Somo la mwezi huu halikuanzia darasani. Lilianzia katika basi lililotoka Lindi kabla ya alfajiri, wazee na vijana wa mtaa wetu wamo ndani, na vikapu vya mihogo na mayai ya kuchemsha magotini. Tulikwenda Kilwa kuona magofu na kurudi siku ileile. Tunawaandikia ninyi mliobaki ili tujifunze pamoja.

1. Msikiti Mkuu
Kilwa Masoko tulipata kibali, kisha tukavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Mzee mmoja mwenyeji alituongoza. Tulianza na Msikiti Mkuu, ulioanzishwa katika karne ya 11 na kupanuliwa sana mwanzoni mwa karne ya 14. Tuliingia kwa adabu, maana palikuwa mahali pa ibada ya jirani zetu.

Kuta zake ni za mawe ya matumbawe. Hata chokaa iliyoyashika ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Mji huu ulitajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala, katika nchi ya Msumbiji ya leo, na kwa pembe za ndovu. Ulikuwa na sarafu zake wenyewe za shaba. Vyombo vya China vilifika hapa, na vigae vyake vingali vikionekana mchangani. Mwaka 1981 magofu haya pamoja na ya Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia.

Kijana wetu mmoja aliokota kigae, akakitia mfukoni. Mzee akamwambia kwa upole, "Mwanangu, kirudishe pale pale. Kikiwa mahali pake kinaeleza habari za nyumba iliyokuwapo. Ukienda nacho kwenu, ni kipande cha chombo kilichovunjika tu." Kijana alikirudisha.

2. Husuni Kubwa
Kutoka hapo tulitembea upande wa mashariki hadi Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililojengwa juu ya mwamba ukingoni mwa bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogelea lenye pembe nane.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamsifu sultani huyu kwa ukarimu. Anasimulia kwamba maskini mmoja alimwomba sultani nguo alizovaa. Sultani akamvulia, akampa. Kisha mwana wa sultani akazikomboa nguo zile kwa watumwa 10. Sultani aliposikia watu wanavyomsifu, akaamuru maskini yule aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe.

Wengi wetu tulitikisa kichwa kwa kustaajabia ukarimu ule. Bibi mmoja hakutikisa. Alimwuliza kiongozi, "Mzee wangu, na hao ishirini walikuwa watoto wa nani?"

Mzee alikaa kimya kidogo, akajibu, "Bibi, hilo halikuandikwa."

Sisi tuliofundisha historia kwa miaka mingi tuliona haya. Habari ile tumeisoma mara nyingi, na hatukuwahi kuuliza.

3. Kilwa Kivinje
Jioni, wakati wa kurudi, tulipita Kilwa Kivinje. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Mateka walitembezwa kwa miguu kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakapakiwa hapa katika majahazi, na wengi walipelekwa Unguja. Leo utaona nyumba kuukuu za wakati wa Wajerumani na za wafanyabiashara. Ya mateka wale hatukuonyeshwa hata moja, wala kaburi.

4. Habari hii inatuhusuje?
Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mwaka 1876 alipiga marufuku pia misafara ya watumwa ya nchi kavu. Mwaka huohuo Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, wakashuka Lindi, wakatembea hadi Masasi na kujenga kijiji chao. Kanisa letu la kusini lilianza na watu hao.

Ndipo tulipomwelewa Bibi. Garini alitwambia kwamba babu yake alizaliwa Masasi, katika jamaa ya waliokombolewa. Jina la ukoo walilotoka nalo bara halijulikani tena nyumbani kwao.

Someni Yoshua 4. Mawe kumi na mawili yaliwekwa ili watoto wakiuliza maana yake, wazee waweze kujibu. Watoto wakituuliza habari za mawe ya Kilwa, tusiwatajie sultani peke yake. Tuwatajie na wale ishirini.

Maswali ya kujadiliana
(a) Nyumbani kwenu mnajua majina ya wazee wa vizazi vingapi? Yaandikeni wiki hii, wazee wangali wapo.
(b) Ni watu gani katika mtaa wetu wanaofanya kazi na wasitajwe?
(c) Je, ukarimu ni ukarimu ikiwa kinachotolewa ni mali ya mwingine, au mtu mwenyewe?